Jezi Namba Tisa ya Kiro

Flemingdon Park,
Toronto, Kanada.
24 Septemba 1995

Mpendwa kaka Nahashon,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako, na za shemeji yako Prudence, na za binti yetu Jolie ambaye siku hizi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Sisi tu wazima, ila baridi imeshaanza kutubishia hodi. Vipi hali zenu hapo Kigoma? Mguu wa mama umepona? Shemeji amejifungua salama? Tuandikie, maana simu hukatika kabla hatujamaliza kujuliana hali.

Kaka, kuna jambo limenikaa rohoni na hapa sina wa kumweleza. Unajua kwamba mimi ndiye niliyekuwa mshambuliaji wa kati wa timu ya Wamakedonia, hawa wenye duka la mikate ninakofanya kazi. Misimu miwili jezi namba tisa ilikuwa yangu. Mwezi wa tano akaja Kiro, mpwa wa bosi.

Huyu si mchezaji wa Jumapili kama sisi. Alianza kulipwa kwa mpira akiwa bado kijana mdogo kwao Bitola, akahamia timu ya Skopje, akafunga mabao mpaka Waturuki wakamchukua. Huko goti likamwangusha, timu ikamwacha, naye akaja kwa mjomba wake kukanda unga huku akijiuguza. Mechi yake ya kwanza na sisi alifunga matatu. Bosi, ambaye ndiye kocha pia, akanivua jezi kwa upole kabisa, akaniambia nikae benchi nijifunze. Mimi, kaka, niliyecheza Uvira na Bujumbura, ndiye wa kujifunza.

Nilimwonea wivu, sikufichi, na ninamwonea mpaka leo. Anaruka kana kwamba hilo goti halijawahi kuuma, na akitua mpira uko wavuni. Nywele anazo. Hata unga anaukanda vizuri kuliko mimi. Jolie alibandika picha yake ukutani, pale pale palipokuwa na yangu ya Uvira, na nilipouliza Prudence akacheka tu.

Basi nikafanya hivi. Kila Alhamisi sisi Wakongomani na Warundi wa hapa tunasali kwa Mchungaji Léonard, na kila mtu hutoa hitaji lake liombewe. Zamu yangu ilipofika niliona aibu kuomba jezi. Nikasimama nikasema tumwombee rafiki yangu Kiro apate timu kubwa, mbali, ng'ambo ya bahari ikiwezekana. Nia yangu unaielewa. Lakini wenzangu walikuwa wakiisikia Makedonia kwenye mahubiri tu, wakafurahi kupata mtu wa huko wa kumwombea. Walimwombea kwa machozi. Mama mmoja alishinda bila kula kwa ajili yake.

Kabla mwezi haujaisha, timu ya Skopje ikampigia simu arudi, na ikasemekana kocha wa timu ya taifa naye anamtazama. Nchi yenyewe changa, haijafikisha hata miaka mitano, na tayari inamwita mwanawe. Mimi nimengoja kuitwa na kwetu tangu nikiwa na miaka kumi na minane, kaka, na unajua walivyonipita. Kiro aliposikia habari za maombi alikuja mpaka kwenye ibada kuaga. Alinibusu mashavuni mara tatu, ndivyo wanavyofanya kwao, akalia begani kwangu. Mchungaji akanisimamisha mbele ya watu akasema, "Mtazameni Elysée. Huyu ndiye mtu asiyejua wivu."

Watu wakapiga makofi. Prudence alikohoa.

Jezi nimerudishiwa. Jumapili iliyopita nilifunga bao la kichwa, bao safi, na Alhamisi nikawahi ibadani nikitaka kuwasimulia. Hata sijaketi wakaniuliza kama Kiro ameshafunga huko kwao. Siku hizi kila Alhamisi anaombewa kwa jina, na goti lake linaombewa peke yake, la kulia. Anayeongoza ombi hilo ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyelianzisha, wala siwezi kukataa. Bao langu halikuulizwa na mtu.

Nisalimie mama, mjomba Tomasi, shemeji na watoto wote, na huyo mdogo nisiyemjua bado mbebe kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape afya na riziki, atukutanishe tukiwa hai.

Na wewe kaka, ukipiga magoti, nitaje mimi. Sema Elysée, yuko Toronto, anavaa namba tisa. Kiro usimtaje kabisa, ana watu wa kutosha.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Elysée