Usizime Sauti ya Shangazi

4 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Na mgongo, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye kigoda? Mimi huku ni mzima, ila macho mekundu kwa kukodolea simu.

Gunia limefika. Viatu vyote vimo, na ile kadi ya simu yenye video nimeikuta ndani ya soksi ulikoificha. Shangazi jamani, mwizi afungue gunia la viatu vya ngozi aibe kadi? Si angebeba viatu!

Sasa nikupe habari za duka letu la mtandaoni. Lilikuwa limelala fofofo. Matangazo ya kulipia siyawezi, kwa hiyo kazi yangu ni kurusha video fupi ya mikono yako kila siku, kumjibu kila anayeandika, na kuomba Mungu anayeona amwonyeshe mwenzake. Wateja wa namna hiyo huwalipii, lakini unawatolea jasho. Kila video nilikuwa naondoa sauti, naweka muziki. Waliotazama ni wale wale, nusu yao rafiki zangu walionionea huruma.

Wiki iliyopita nilikuwa na haraka, nikasahau kuondoa sauti. Ni ile unayokigombeza kiatu cha yule bwana mwenye miguu mipana: "Hebu niambie wewe, huyu mtu ana miguu au ana pasi za mkaa?" Shangazi! Watu wamecheka mpaka basi. Wametumiana, na wageni wanaingia dukani makundi kwa makundi. Chini ya video wameandika, "Usizime sauti ya shangazi!" Na wanaagiza, hawachungulii tu.

Najua kuongea na viatu ni mambo yako mwenyewe. Tangu tukiwa wadogo mimi na kaka tuliambiwa tutoke nje ukishika sindano. Ndiyo maana naomba ruhusa. Naweza kuiacha sauti?

Msalimie kaka. Mwambie lori si lake, aache kuliendesha kama anafukuzwa.

Mwanao wa kulea

11 Februari

Mama Mtandao mwanangu,

Marahaba. Masikio yapo mahali pake, ila kazi hayafanyi, kama watu wa ofisi fulani ninazozijua. La kushoto limefunga kabisa. Kwa hiyo usijisumbue na simu. Nikipokea nasikia nyuki tu, na maandishi ya humo kwangu ni sisimizi. Tuendelee na barua za guniani.

Kumbe watu wananicheka huko! Haya, wacheke, mradi wavae viatu.

Lakini nikuambie kitu, na unisikilize vizuri. Mkono wangu ukishika sindano, mdomo unajifungua wenyewe. Ndivyo bibi yako alivyonifundisha kazi: ukinyamaza unavuta uzi kwa hasira, ukiongea mkono unatulia. Sasa viatu naviambia mambo nisiyowaambia watu. Na kwa masikio haya sijui hata kama nimenong'ona au nimepayuka.

Ruhusa nakupa kwa sharti moja. Sikiliza kila video mpaka mwisho kabla hujairusha. Vichekesho peleka. Ya nyumbani kata, tupa, usahau. Nataka uniahidi.

Kaka yako anaoa mwezi wa nne, mambo yamekamilika. Kuna neno langu na yeye, lazima nimwambie kabla hajaoa, kwa mdomo wangu, tukiwa wawili. Nimeliahirisha tangu alipoanza kunyoa ndevu. Kila akirudi safari nasema leo ni leo, halafu namwona alivyochoka, naishia kumpa chai. Usiniulize ni neno gani. Sasa hivi ameondoka safari ndefu, akirudi nitamwambia, hata roho itoke.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, nisamehe kwa salamu za mbio mbio, mtu wa basi ananisubiri hapa mlangoni.

Nimeahidi! Nasikiliza kila video mpaka mwisho, usiwe na wasiwasi.

Duka limechangamka mpaka naogopa. Nikilaza simu dakika chache nakuta maswali yamejaa: mna saizi ya mtoto, mna nyekundu, shangazi ameolewa? (Huyo wa mwisho nimemwambia atume picha kwanza.) Ukikosa kurusha siku moja tu wanakusahau, wanahamia kwa mwingine. Ndiyo ugumu wa kazi hii, haina kupumzika. Nirekodie ndefu ndefu, nitazikata vipande. Ngozi, uzi na kadi nyingine vimo humu.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui wewe, maana barua yako fupi kama mkia wa mbuzi.

Nimekuwa mtu maarufu! Mke wa fundi saa, yule jirani wa mlango wa pili, alikuja na simu yake akanionyesha. Nikaona mikono yangu, nikaona kigoda, nikaona mpaka ule ufa wa ukuta ninaomwambia kaka yako auzibe. Nikacheka, nikamwambia, "Unaona kazi ya mwanangu?" Yeye hakucheka. Alinitazama, akanishika bega, akaondoka bila kuaga. Nikasema huyu ana lake.

Ila jana nimeenda bombani, wote wakanyamaza. Mimi sisikii, lakini midomo iliyofungwa naiona. Mmoja akanibebea ndoo mpaka nyumbani, na huyo huwa hanibebei hata salamu. Kuna nini? Nimevaa nguo kinyume?

Kaka yako anarudi katikati ya mwezi. Safari hii sina chai, nina neno. Niombee.

Shangazi yako

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sina hata uso wa kukuuliza hali. Tafadhali kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Jumapili ya wiki iliyopita nilirusha video yako ndefu, ile ya viatu vyeusi vya bwana harusi. Mwanzo wake unachekesha, unawasema wanaume wanaonunua kiatu kidogo ili waonekane wana miguu mizuri. Oda zilikuwa zimenifika shingoni. Nilisikiliza huo mwanzo, nikacheka, nikairusha nzima. Sikufika mwisho. Nilikuahidi na sikufika mwisho.

Mwishoni unakiambia kiatu kwamba anayekuja kukivaa hukumzaa wewe. Unasema mama yake alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, alikuachia kitoto kibichi akasema atarudi jioni. Unasema hujamwambia mtoto na unaogopa akijua ataondoka. Halafu unakilia kiatu, Shangazi.

Mimi sikujua. Miaka yote nilijua mimi ndiye wa kulelewa, kaka ndiye wa tumbo lako.

Na hili ndilo baya zaidi. Jumatatu asubuhi niligundua, kwa jinsi watu walivyoandika. Wengine walikuwa wanalia huko huko. Ilikuwa imesambaa kuliko video zetu zote ukizichanganya, watu wanamiminika dukani, viatu vinaisha. Mkono ulienda kwenye kufuta, nikauzuia. Nikajiambia jina lako halimo, uso wako hauonekani, nani atajua? Niliifuta Alhamisi. Imefutika kwangu, lakini wengine walishaichukua wakairusha kwao, na hao siwawezi.

Kaka nimempigia, hapatikani huko porini alipo. Jana simu iliita, akasema "Dada?" nikakata.

Mwambie kabla hajafika mjini. Madereva wenzake wote wana simu. Naja mwenyewe wiki hii, nikimaliza kutuma hizi oda.

Ni mimi, mwanao

19 Machi

Wewe mtoto,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, zikibaki.

Gunia lako lilikaa ofisi ya mabasi, karani alilisahau chini ya meza. Kaka yako alitangulia.

Alisikia kwa wenzake, uwanja wa malori, wakati wanasubiri kupakia. Mmoja aliweka simu juu ya pipa la mafuta, wakaizunguka, wakacheka ule mwanzo. Yeye akajua sauti. Akasogea aone mikono. Wenzake wanacheka, kisha wakaacha kucheka, na yeye kasimama katikati yao anasikia habari zake.

Alifika hapa mchana. Hakukaa. Kwa sababu ya masikio yangu ilibidi apaze sauti, basi ua mzima ulisikia: "Mama, mimi ni wa nani?"

Nilimsikia, mwanangu. Siku hiyo nilisikia kuliko siku zote. Nikamwambia, "Eeh? Unasemaje?" Akarudia. Nikashika sikio, nikatikisa kichwa, nikamfanyia uziwi. Hakuuliza mara ya tatu. Aliweka ufunguo wa nyumba mezani, akatoka.

Jioni yake ndipo likaja gunia lako. Nimeisoma barua nikiwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda.

Kusahau ningekusamehe siku hiyo hiyo, kazi nyingi humchanganya mtu. Lakini ulijua Jumatatu ukafuta Alhamisi. Na ulisema unakuja wiki ile. Wiki ile ilishapita, nami tangu nisome nachungulia kila basi. Oda ziliisha?

Analala ndani ya lori. Bibi harusi mtarajiwa amekuja hapa analia, anasema hazungumzi na yeyote. Watu wa kwao wanauliza kama harusi ipo.

Nimeshindwa kushona. Nakaa kwenye kigoda nimefumba mdomo, na uzi unakatika.

Shangazi

23 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hujaniuliza hali na sistahili kuulizwa.

Hapana, oda haziishi. Ndiyo sababu sikuja, na hata nikiandika hivi naona aibu. Kila nikifunga mzigo mmoja nasema nikimaliza huu naondoka. Na pia niliogopa macho yako.

Nimesimamisha duka. Kutwa wanauliza "Shangazi yuko wapi? Mwanawe alijua?" Wanauliza utadhani ni mchezo wa redioni. Nimewaandikia mmoja mmoja walioirusha tena, nawaomba waitoe. Wawili wametoa. Mmoja amenicheka.

Nimemwandikia kaka, anasoma hajibu. Mwambie nilikosa. Mwambie yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akanishika nyuma mpaka mwisho wa barabara; siwezi kumtakia baya. Harusi ikiwepo nitakuja, nitapika, nitaosha vyombo, nitakaa hata nyuma kabisa. Nguo nimeshashona. Niambie tu nije lini.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, nakula na nalala. Najua ungeanza kuuliza hilo.

Kaka yako alikuja juzi. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, karibu kabisa, upande wa sikio langu la kulia. Mikononi sikuwa na kiatu wala sindano. Akasema, "Mama, leo usiniambie hukusikia."

Nikamwambia yote. Yule binti wa chumba cha uani, alivyokuwa mcheshi, alivyonipa mtoto nimshikie kidogo anakwenda kutafuta kibarua. Nilivyongoja jioni ile, na jioni nyingine, mpaka nikawa nangoja huku naomba asirudi. Akaniuliza kama wanafanana. Nikamwambia paji la uso na kucheka. Tukalia wote, jirani akaja kugonga akidhani kuna msiba.

Kisha akauliza kwa nini nilikiambia kiatu kabla yake. Nikamwambia kiatu hakiwezi kuniacha. Akasema, "Mimi mbona nimerudi?" Akauchukua ufunguo wake pale mezani.

Harusi ipo. Wakwe ameshawaambia mbele yangu kwamba mama yake ni mimi, na anayetaka maelezo zaidi amfuate yeye.

Sasa la kwako. Nimemsomea barua yako. Ile ya baiskeli ilimtoa machozi. Lakini hataki kukuona siku ile. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningebishana naye mpaka asubuhi. Alisema kwa upole kabisa kwamba akikuona atazikumbuka zile siku ulizojua, ukaacha watu waendelee kusikiliza habari zake. Nilimwomba mara moja. Akatikisa kichwa, nami sikumwomba tena. Mimi ni mama yake, na kwenye hili nipo upande wake.

Wewe nawe ni mwanangu. Nilikutoa kwenye mikono ya kaka yangu siku anakata roho, nikakubeba mgongoni huku nashona. Viatu nitakushonea, utauza, lakini simu yako uliyonipa ya kurekodia inarudi na gunia hili. Harusi ikipita njoo nyumbani, tutakaa, utalia, nitakugombeza, tutakula.

Wapo walionishauri ninyamaze, nikuache ungoje mwaliko mpaka uelewe mwenyewe. Nimekataa. Sikutaka ulipate neno hili kwa mtu mwingine. Usifike harusini, mwanangu. Nimekuambia mimi.

Shangazi yako