Kadi Ambayo Jua Halikuichoma

Mjukuu wangu Joleni,

Hapa Kasulu hatujambo. Mama yako ametoka hospitali Kabanga, mguu umepona, sasa hivi anapepeta maharage.

Unauliza kama kipimo chako cha jua huko chuoni kimeharibika, maana kinasoma kidogo na jua unaliona. Hakijaharibika. Enzi za usichana wangu nilikuwa nabadilisha kadi za kupimia jua kwenye kituo cha hali ya hewa: jua likipita kwenye mpira wa kioo, linachoma mstari kwenye kadi. Siku moja kadi ilitoka safi, wakati kutwa nzima nilikiona kivuli changu. Nikaogopa kuambiwa niliitega vibaya. Nikachukua kaa la moto, nikauchoma mstari mwenyewe.

Mkuu wa kituo, mtu wa Tanga, aligundua, lakini hakugomba. Alinipeleka kwenye maharage niliyoanika asubuhi.

“Shika.”

Yalikuwa na unyevu uleule wa asubuhi. Nikatazama juu: wingu jembamba kama moshi, limetanda kote.

Andika hiyo namba ndogo, mama, bila woga. Kadi yangu alinirudishia, ninayo mpaka leo. Mstari wake umenyooka kuliko wowote ambao jua limewahi kuchoma.

Bibi yako