Kutua na Mzigo Wote

Jumapili, 10 Mei

Nimefua soksi, hazitakauka. Ukungu tangu asubuhi. Kanisani nimekaa nyuma ya nguzo kama kawaida. Mzee wa kanisa alitafuta kijana wa kusoma somo la pili, akaangalia upande wetu. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Mdahalo ni Jumamosi ya tarehe 23, Makambako. Hoja tunayo tangu kabla ya Pasaka: kwenye meli za kubeba ndege za kivita, ndege inayoruka kwa mbio fupi na kutua wima ni bora kuliko ile inayorushwa kwa manati na kunaswa kwa waya. Sir Mlowe wa fizikia na mwenzake wa Makambako wanabishania jambo hili tangu wakiwa chuo. Wamechoka na midahalo ya baba na mama nani bora. Joshua, kiongozi wa timu yetu, alimuuliza Sir kwa nini tujadili meli ambazo nchi yetu haina. Sir akasema, "Kwani mwezi ni wa kwenu? Mbona mnausoma."

Mimi si msemaji. Mimi naandika. Timu nzima inasoma daftari langu. Kurasa kumi na nne, pande zote mbili za hoja, na michoro. Nikiandika sitetemeki.

Jumatatu, 11 Mei

Walimu wamerusha shilingi kwa simu. Wanaaminiana hao. Makambako wanatetea, sisi tunapinga. Msemaji wao wa kwanza ni Editha.

Editha ni mtoto wa mama mdogo. Tumelala kitanda kimoja kila likizo tangu tukiwa na meno ya utoto. Pasaka nilikuwa kwao, na alinakili daftari langu lote. Nilimwambia atafute na kwingine. Akasema ya nini, kikiwa kwenye daftari la Faraja kimeshahakikiwa. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Jumatano, 13 Mei

Nina jambo baya.

Leo mama ameweka bando la wiki. Nimeirudia ile video ya ndege niliyoitazama Pasaka, safari hii mpaka mwisho. Ukurasa wa kumi na moja ni uongo.

Niliandika hivi: ndege hii hutua wima ikiwa na mzigo wote ilioondoka nao. Si kweli. Ikitua wima mabawa hayasaidii kitu, injini inabeba uzito wote peke yake. Ikirudi na mafuta mengi na mabomu ambayo haikuyatumia, inakuwa nzito mno. Lazima imwage mafuta, au iangushe mabomu baharini, ndipo ishuke.

Ukweli wenyewe ni huu, na sitamwambia mtu: Pasaka bando liliisha katikati ya video. Ukurasa ulibaki na nafasi wazi. Ulikaa vibaya. Nikaumalizia kwa akili yangu. Nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu, kana kwamba nimeambiwa na rubani.

Daftari langu nimelisahihisha. La Editha liko Makambako.

Ijumaa, 15 Mei

Mazoezi. Joshua alipanga hoja zetu. Ndege ya kutua wima inabeba feni kubwa mgongoni, feni imekula nafasi ya mafuta, kwa hiyo haifiki mbali. Meli isiyo na manati haiwezi kurusha zile ndege nzito za kuchungulia adui akiwa bado mbali. Nzuri. Ila zote wanazitarajia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema habari ya uzito wa kutua.

Joshua akapiga meza. "Wakigusa hapo tu, tumewala wabichi."

Sir akauliza nani ataisema. Wote wakaangalia pembeni. Akasema aliyeijua ndiye atakayeisema, akaandika jina langu ubaoni. Msemaji wa pili. Nilitikisa kichwa. Hakufuta.

Sikuwaambia kwamba Makambako watagusa hapo. Najua watagusa. Najua mpaka maneno watakayotumia.

Jumapili, 17 Mei

Maji yamekatika tangu jana. Nimechota bombani kwa jirani, ndoo ya lita ishirini, mpaka ukingoni. Nimefika nyumbani hakuna mtu wa kunisaidia kuishusha. Shingo inauma. Nikainamisha kichwa kidogo, nikamwagia kabichi za mama kama robo hivi, ndipo nikachuchumaa na kuiweka chini.

Nikabaki nimechuchumaa pale. Ndiyo ile ndege. Kabisa.

Na kabichi ndiyo bahari. Nilicheka peke yangu. Halafu nikamkumbuka Editha, kicheko kikaisha.

Jumatano, 20 Mei

Nimempigia Editha. Niliomba simu kwa mama nikasema ni mambo ya shule. Nilikuwa nimeandika pembeni ya gazeti nitakachosema ili nisibabaike: ukurasa wa kumi na moja, futa, nilijitungia.

"Kamwene Njombe," akapokea kwa salamu ya kwetu. "Mmekuja kusalimu amri?"

Nikasema ni kuhusu daftari.

"Usiniambie kitu. Wakisema nimebebwa na ndugu yangu wa Njombe, utanijibia wewe? Halafu nasikia eti unaongea. Dada, ukisimama shika kiti. Nikisikia kiti kinagongagonga nitajua ni zamu yako."

Kulikuwa na wasichana nyuma yake. Walicheka. Mimi pia nikacheka, sijui kwa nini.

Kisha akatoka nje, nikasikia upepo kwenye simu. Sauti yake ikashuka. "Faraja? Ulitaka kusema nini?"

Ilikuwa pale. Nafasi yote. Karatasi mkononi.

Nikasema, "Msalimie mama mdogo."

Ijumaa, 22 Mei

Bado naweza kupiga. Simu iko mezani, mama ameniuliza mara mbili kama naitaka. Nimesema hapana.

Nina hasira ya ule utani wa kiti.

Jumamosi, 23 Mei

Nimerudi. Naandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Makambako upepo ulikuwa unapiga mabati kama mawe. Ukumbi umejaa, wengine madirishani. Mama mdogo alikuwa mstari wa tatu na kitenge cha sherehe. Alinipungia mkono. Nikapunga.

Editha alisimama bila karatasi. Ni mzuri akisimama. Alisema meli ya manati ni mji mzima juu ya maji, ghali na kubwa, na manati ikiharibika ndege zote zinabaki kuangaliana. Ndege ya kutua wima inatosha kwenye meli ndogo, haihitaji waya wa kuinasa, na bahari ikichafuka inashuka polepole kama kuku anayekaa kwenye mayai. Hiyo ya kuku ni yake. Ukumbi ulicheka mpaka majaji.

Halafu akaisema ile sentensi ya ukurasa wa kumi na moja. Neno kwa neno, mpaka pale nilipopumzika nilipokuwa naandika. Na akaongeza, "Nimelifanyia utafiti jambo hili kwa wiki sita." Joshua alinifinya paja chini ya meza.

Nilisimama. Kiti kiligonga kweli. Nilisikia wasichana wawili wakianza kucheka.

Mdahalo wetu ni Kiingereza kitupu, ukitumbukiza Kiswahili unakatwa alama. Siku zote natafsiri kichwani kwanza, ndiyo maana nachelewa, ndiyo maana nanyamaza. Leo sikutafsiri. Nilisema sentensi ile si kweli. Nikaeleza injini na mabawa. Nikaeleza ndoo. Wapishi waliokuwa mlangoni hawakujua Kiingereza changu, ila nilipoonyesha kwa mikono jinsi ninavyomwaga na kuchuchumaa walianza kuitikia kwa vichwa.

Ningeishia hapo. Hoja ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na dakika moja.

Nikasema sentensi ile niliiandika mimi. Nikasema msemaji aliinakili kutoka kwenye daftari langu Pasaka, na mimi niliitunga kwa sababu sikujua mwisho wake.

Ukumbi uliguna, ukalipuka. Wetu walipiga makofi ya treni, yale yanayoanza taratibu na kuongeza mwendo. Nilisikia mtu wa Makambako akisema, "Wiki sita za utafiti," na wenzake wakakatika mbavu. Editha alikuwa anaangalia mikono yake.

Tumeshinda kwa alama mbili.

Baadaye walitugawia wali na maharage. Nilimfuata kwenye foleni. Hakugeuka.

"Ungeniambia."

"Nilipiga simu."

"Ulipiga ukasema msalimie mama mdogo." Akachukua sahani yake. "Nimemsalimia."

Jumapili, 24 Mei

Kanisani watu wamenipa mkono. Habari imefika. Mzee wa kanisa amesema kumbe huyu binti ana sauti.

Joshua anasema nilikuwa mkweli. Sir amesema hajawahi kuona mwanafunzi akikiri kosa lake mbele ya watu mia tatu. Mama anamwambia kila anayekuja kupima nguo.

Si kweli. Ningeweza kukiri Jumatano, kwenye simu, kwa mtu mmoja aliyeniuliza kwa upole. Nilisubiri Jumamosi kwa sababu Jumamosi kulikuwa na watu. Nilijua watapiga makofi. Nilipokuwa nafungua mdomo nilijua.

Nimeyaandika. Hayajapungua uzito.

Jumanne, 26 Mei

Nimepiga mara tatu. Mama mdogo anapokea, anasema Editha yuko bafuni. Mara ya tatu akasema, "Mwanangu, mpe muda. Shuleni wanamwita Utafiti."

Alhamisi, 28 Mei

Nimemwambia mama yote. Daftari, bando, simu. Alikuwa anapinda suruali, hakusimamisha cherehani. Alipomaliza mguu mmoja akasema, "Na hao wanaokupongeza, umewaambia?"

Ijumaa, 29 Mei

Nimewaambia. Sir kwanza, kisha Joshua. Sir alifuta miwani muda mrefu. Joshua alisema alama ni alama. Sitaki kurudi kwenye jambo hili leo.

Jumamosi, 30 Mei

Jua limetoka. Soksi zimekauka kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Mchana kondakta alishusha mzigo kutoka kwa mama mdogo. Gunia dogo la maharage, na ndani yake, kwenye mfuko wa nailoni, daftari. Si langu. Ni lile alilonakilia Editha. Nikajua amenirudishia vyangu. Nilikaa nalo kwenye ngazi nusu saa bila kulifungua.

Ukurasa wa kumi na moja. Mstari mwekundu ameukata kwa rula. Chini yake ameandika nusu ya pili ya video, yote, na mambo mengine ambayo mimi sikuyapata. Eti wapo marubani wanaojaribu kutua huku ndege inasogea mbele polepole, ili mabawa yasaidie kubeba na mabomu yasitupwe. Ila sitaha ya meli, pale juu ndege zinapotua, ni fupi na waya hakuna. Ndege inasimamishwa na breki tu. Halafu anauliza: je, sitaha ikiwa imelowa?

Kisha: "Hapa sijui. Nimeacha wazi."

Na mistari mitano mitupu. Hakuna salamu, hakuna jina.

Nimeisoma ile ya breki mara nyingi. Hata mimi sijui. Sijaandika kitu pale.

Mama amesema simu ina chaji. Nitapiga nikimaliza kuandika.

Nimemaliza.