Kamera Chini ya Tende

Maskati, Jumanne, 1968

Huyo Mtaliana mimi simwamini hata kidogo.

Barua ya mwanangu Salum imefika leo kutoka Roma. Kamera yake, ndiyo kazi yake ile, nilimfichia mwenyewe kikapuni chini ya tende, wezi wadhani chakula tu. Kumbe kwenye treni kaona haya kula peke yake, kamkaribisha jirani yake. Mtu kutia mkono, kaigusa kamera!

Sasa Mtaliana huyo anamwalika kwake akalale. "Mama, ni mtu mwema," kaandika.

Mwema! Mbona kauliza bei ya kamera?

Na nani kamfundisha kukaribisha watu, si mimi?

Kesho ntamwandikia: tende mpe zote, kwake usende. Lakini barua hii ilikuwa wiki tatu njiani, keshalala huko zamani. Nijibu upesi, Salum baba, nijue tu u mzima.