Nitasimama Shambani kwa Baba

Kwa mama yangu, nyumba ya kwanza ukipanda kutoka mtoni, Ozi.

Asalaam aleikum, na shikamoo, mama. Natumai barua hii imekukuta umeamka vyema, magoti yamekupa nafasi na joto hili la kaskazi halijakunyima usingizi. Mimi huku Mwea ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, sijakonda. Nimeanza na hayo makusudi, kwa sababu kwenye simu kila nikitaka kukwambia jambo la maana waniuliza, "Ushakula?" Nikimaliza kujibu, salio limekwisha. Barua haina salio, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ule mchele mpya ulionitumia kwa watu wa basi umefika salama. Nilifungua fundo la leso palepale kwenye geti la kiwanda, harufu ikanipanda puani, nikaangua kilio mbele ya walinzi. Wakadhani nimeletewa habari ya msiba. Mama Njoki, mwenzangu tunayekaa naye benchi moja la kuchagua mchele, akachota kidogo akautazama kiganjani. "Hadija, huu umevunjikavunjika," akasema. "Hapa kwetu ungekuwa gredi ya mwisho." Nikamwambia, "Umetwangwa na mama yangu, na mama yangu si mashine." Mchana nikaupika kwa nazi. Yeye aliyesema nyinyi watu wa Pwani mwauharibu mchele kwa nazi ndiye aliyegombania ukoko, halafu akauliza kama Ozi kuna nyumba za kupanga.

Tulicheka sana siku hiyo, lakini jioni nilikaa nikawaza. Kazi yangu huku ni kuondoa mawe na chuya katika mchele wa watu. Miaka ile maji ya bahari yalipopanda mtoni yakaunguza mpunga wetu, mlikuwa mkinunua mchele Garsen, na magunia mengi ya dukani hutoka hukuhuku. Huenda hata lile jiwe lililokuvunja jino nililiacha mimi. Nisamehe, ingawa nawe mama ungeupepeta kidogo. Lakini niseme kweli, jambo hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kukuonyesha. Binti wa mkulima wa mpunga, namchagulia mama yangu mchele wa kununua.

Sasa wasema tuta la udongo mlilolijenga limeshika, chumvi imerudi nyuma, na sherehe ya mpunga mpya itakuwepo tena. Mama, sijui nikueleze vipi furaha yangu. Nimekumbuka vinu vilivyopangwa uwanjani na michi ikishuka kwa zamu, wanawake wakitaniana kwa nyimbo mpaka wengine wanakasirika kweli. Nimekumbuka mitumbwi ikishindana, na watu wazima kabisa wakizama kwa sababu ya sifa. Na nimekumbuka zaidi ile saa ya baada ya kula, wazee wanapopita mashamba yote, kichwa cha shamba baada ya kichwa cha shamba, wakiuliza, "Hapa pana nani?" Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akijibu "Nipo!" kwa sauti ya kuamsha viboko, na mimi nimeshika kanzu yake nikiona haya.

Mwaka huu wazee watapita tena, na kwa Baba hakuna wa kujibu. Shamba lisilo na mtu wa kusimama hupewa mwingine alilime, ndiyo desturi, na sioni ubaya wake, maana mpunga haumei kwa majina ya watu. Kaka Buya nimemuuliza. Yeye ana tuktuk yake Mombasa na asema kulima hakuwezi, nichukue. Basi nitakuja kwenye sherehe, na nitasimama mimi.

Najua umeshaweka mkono kifuani. Ulishaniambia, "Ardhi ya kina baba yako ina wenyewe, usije ukanitilia fitina na shemeji yangu." Ndiyo maana sikutaka mambo ya chini kwa chini. Nimempigia Baba mdogo Komora mwenyewe, yeye ambaye shamba lake linapakana na letu. Akasema, "Hadija, mimi sina kinyongo nawe. Lakini shamba halina simu. Siku ile nikipita na wazee nikakukuta umesimama, nitanena mbele yao kuwa ni la kaka yangu na wewe ni mwanawe. Nisipokukuta, nitalima mimi, na usije ukanililia." Nikamwambia, "Baba, hiyo ni haki."

Huku niliomba ruhusa. Msimamizi akanijibu kwamba msimu huu hakuna ruhusa hata ya mazishi, sembuse ya kwenda kula wali. Nikafikiri usiku kucha, asubuhi nikamwendea tena, nikamwambia sitaki ruhusa, nataka kuaga. Kwa hiyo mama, nimeaga. Wenzangu wengine wanasema nimerukwa na akili, na kuna saa nami nawaunga mkono. Chumvi inaweza kurudi. Mvua inaweza kugoma. Nayajua yote hayo, na bado moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa miaka yote niliyokaa huku.

Lililobaki ni wewe. Tangu Baba atutoke hujakanyaga lile shamba. Hata ukienda kwa shangazi wazunguka njia ya mtoni, na sisi wanao tunajifanya hatuoni. Sikulazimishi. Lakini naogopa, mama. Naogopa wazee wakiuliza "Hapa pana nani?" sauti isinitoke. Sikuombi unisemee, nakuomba usimame kando yangu tu, hata kwa mkongojo, hata bila neno.

Nisalimie Baba mdogo na mkewe, na Baba mdogo umwambie asimpe mtu ile mbegu aliyoniahidi kwenye simu. Msalimie shangazi, mkubwa wetu atakayeonja wali wa kwanza wa sherehe, na mwambie asiumalize kwa kuonja. Majirani wote salamu, pamoja na yule aliyeapa kwamba sitarudi. Mama Njoki anakusalimu pia, anauliza siri ya ukoko.

Inshallah nitafika kabla ya Ijumaa ya sherehe. Usinichinjie kuku, wala usinitandikie mkeka wa wageni. Wenyewe husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nipe siku ya kwanza.

Ni mimi mwanao,
Hadija, nisiyekuja kutembea.