Jina Langu Kwenye Picha za Shamsia

Bi Zaina, shikamoo. Naomba unisaidie kwenye safu yako ya gazeti kabla sijaharibu zaidi, maana kalamu hii nimeishika mara tatu na mara tatu nimeiweka chini, na nikikuficha neno leo sitakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mpiga picha hapa Bagamoyo, nina miaka thelathini na sita, nina studio ndogo mji mkongwe ambayo marehemu baba aliianza kwa picha za pasipoti na za familia siku ya Idi, na mimi nikaongeza harusi, na harusi za kwetu unazijua, mwanamume na kamera yake huishia barazani, atapiga nikahi, atapiga wazee wakila pilau, atapiga bwana harusi akishuka kwenye gari, lakini kule ndani kwenye singo na hina, kule somo anakomfunda bibi harusi, hapiti hata awe nani, na ndiyo sababu tulipooana nilimfundisha mke wangu Shamsia, mtoto wa Pangani, kushika kamera, ili studio yetu isikose nusu ya kila harusi.

Nilimfundisha wiki mbili tu, Bi Zaina, mwanga na umbali, yaliyobaki kajifundisha mwenyewe. Ana taratibu zake, hapigi uso wa mwanamke aliyejifunua, anapiga mikono, visogo, miguu kwenye sinia, vikuba vya asumini, na kabla hajaondoka anamwonyesha kila aliyemo picha zake kwenye kioo cha kamera, na anayesema hii sitaki, inafutwa mbele yake. Kwa hiyo wanawake wa mji huu wanamwita kwa jina, wakija studio hawaniulizi mimi, wanauliza Shamsia yupo?

Mwaka jana baada ya Idi nilijenga tovuti, nilijifunza mwenyewe kwa miezi miwili, na ikatoka nzuri kama za wapiga picha wakubwa wa Dar, ina ukurasa wa kazi zangu, ina ukurasa wa kujieleza na picha yangu nimeshika kamera, nikaweka milango ya nakshi, mashamba ya chumvi, akina mama wanaochuma mananasi Kiwangwa, halafu nikaweka ukurasa mmoja nikauita Ndani, wenye picha thelathini za Shamsia, na ili ziwekwe yeye mwenyewe alirudi nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa tena, akaipata. Yangu mle ni moja tu, ya mwanzo, Shamsia akiinua pazia kuingia, niliipiga nikiwa barazani, hata maelezo sikuiwekea. Na juu kabisa ya tovuti nikaandika kwamba picha zote zimepigwa na mimi.

Niliandika bila hila, au ndivyo ninavyojiambia, nilisema kamera ni yangu, studio ni ya baba yangu, na tena mke wa mtu jina lake litembee mtandaoni kwa nini, hiyo si heshima. Shamsia alipoiona kwenye simu aliitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Tovuti nzuri. Aliyepiga hizi za ndani anajua kubisha hodi." Akaenda kukuna nazi, nami nikanyamaza.

Sasa mwezi uliopita nikapata barua pepe kutoka kwa watu wanaoandaa maonyesho ya picha Dar es Salaam, wameiona tovuti, wamechagua picha kumi na moja, na zote kumi na moja ni za Ndani, nilizipitia mara mbili nikitafuta hata mlango mmoja, sikuuona. Wakaniomba nije siku ya ufunguzi niwaeleze watu nilivyopata imani ya wanawake hawa. Nikajibu siku ileile kuwa nitakuja, nikapeleka kitambaa kwa fundi anishonee kanzu, na Shamsia sikumwambia mpaka leo.

Haikupita wiki akaingia studio Bi Mardhiya, mama ambaye harusi ya bintiye tuliifanya sisi, akatoa simu yake akanionyesha picha ambayo ndiyo bora kuliko zote, ya bibi harusi amenyoosha mikono mbele, piko aliyochorwa haijakauka, hawezi kugusa kitu, na bibi yake aliyetoka Fukayosi anamlisha tonge la wali, hakuna uso hata mmoja, ni mikono mitatu tu na lile tonge. Akaniambia kwa upole, "Yunus baba, huu mkono ni wa Hafidha wangu. Mlango wa chumba kile niliusimamia mimi. Hapa wameandika umepiga wewe. Wewe ulipita wapi?"

Bi Zaina, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, lakini nilishawajibu watu wa Dar, kanzu iko kwa fundi, ulimi ukateleza nikasema, "Nilikuwa dirishani kidogo, Bi Mardhiya." Akarudia, "Dirishani." Akafunga simu, akaitia mkobani, akasema harusi ya mdogo wake Hafidha watatafuta mtu mwingine.

Baada ya hapo zimejitoa familia mbili nyingine, na Shamsia alipokwenda kwenye maulidi wanawake walikaa mbali naye, akarudi nyumbani akaweka kamera juu ya meza, akaniuliza, "Umewaambia ulikuwa dirishani?" Nikasema tutaongea. Hatujaongea. Kamera iko palepale juu ya meza, ameifunika kitambaa.

Nikisema kweli, Dar wataniona mwizi wa kazi ya mke wangu, na nitabaki mpiga picha asiye na picha. Nikinyamaza, hapa mjini mimi ni mwanamume wa kuchungulia madirisha, na Shamsia ndiye mke aliyenifungulia. Na la ajabu, usinicheke, ninajivuna. Nikiwa peke yangu naifungua ile picha ya tonge naikuza mpaka ijae kioo chote cha kompyuta, kifua kinanijaa, nasema huyu ni mke wangu. Je, nikibadilisha nikaandika "Yunus na Shamsia" chini ya zote, si kila mmoja atakuwa amepata heshima yake? Anuani ya tovuti nimekuandikia nyuma ya karatasi, tazama mwenyewe, kisha uniambie. Maonyesho ni baada ya wiki tatu.

Mimi mwanao,
Yunus, Bagamoyo

*

Marahaba, mwanangu. Majina yenu nimeyabadilisha, kwa hiyo usihangaike kununua magazeti yote ya stendi. Jibu hili pia nimekutumia siku nne kabla ya kulichapa, ili mkeo asije kulisoma kwa jirani. Siku nne zinakutosha kwa yote nitakayokuagiza.

Nilivaa miwani nikafungua tovuti yako. Nianze na haki yako: umeijenga vizuri, haimchoshi mtu, picha zinakaa kwa nafasi. Nikafika ukurasa wa Ndani nikakaa hapo mpaka chai ikapoa. Mimi niliolewa Bagamoyo hiyohiyo, na nilipopakwa piko nililishwa na mama yangu mkubwa, Mungu amrehemu, tonge kwa tonge, huku akinigombeza nisicheke nikapaliwa. Hakuna aliyepiga picha siku ile. Nilipoliona lile tonge nililia, na sioni haya kukuambia. Halafu nikajivuna, kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua ambaye amekaa kwenye vyumba vyetu miaka yote hii akaona yanayostahili kuonekana na akayafunika yanayostahili kufunikwa.

Kisha nikapandisha macho juu nikasoma jina lako. Hivi, Yunus, ulifikiri nani angekuamini?

Mtu wa mbali anaweza kutazama picha ile asiulize kitu. Mwanamke wa pwani swali lake la kwanza ni nani alikuwamo chumbani. Wewe umezaliwa hapo, umekulia kwenye studio hapo, unajua pazia lile linaishia wapi, na bado ukaandika kwa mkono wako kuwa ulikuwa upande wa pili. Na ulipoulizwa na mama aliyesimamia mlango mwenyewe ukaongeza dirisha. Umechagua uongo ambao ukiaminiwa ni aibu na usipoaminiwa ni aibu. Sijawahi kuona mtu akijipunja hivi.

Lakini aibu yako siyo inayonikera, hiyo utaipona. Wale wanawake hawakuipa studio ruhusa. Walimpa Shamsia, kwa sababu anafuta mbele yao. Wewe kwa neno moja umefanya kila picha aliyowahi kupiga ionekane imepigwa na mumewe kwa siri. Kazi yake yote ilisimama juu ya kuaminiwa na wenye chumba, na hiyo ndiyo uliyoiangusha ili kanzu isilale kwa fundi.

Unaniambia mke wa mtu jina lake lisitembee mtandaoni, ni heshima. Ulimuuliza? Nimeisoma barua yako mara mbili, nimekuta mahali ulipomfundisha na mahali uliponyamaza, mahali ulipomuuliza sikupaona. Stara ni yake, aichague yeye. Picha zake umezitembeza mpaka Dar, jina lako likazisindikiza, na hapo stara hukuikumbuka. Na yeye alikujibu siku ileile, tena kwa adabu kuliko ambavyo ningekujibu mimi.

Sasa hilo la "Yunus na Shamsia", lifute kichwani. Ukijiandika kwenye picha ya chumba kile, hata ukijiandika wa pili, hata kwa herufi ndogo, bado umejiingiza chumbani. Kumfundisha mtu kushika kamera ni jambo jema, utalipwa kwa Mungu. Mwalimu wako wa Kurani naye alikufundisha, mbona hadai kuwa sala zako ni zake?

Utafanya hivi. Leo, kabla ya alasiri, kaa na Shamsia umwonyeshe barua ya watu wa Dar na jibu ulilowapa, asome mwenyewe. Usieleze kwanza, usitaje kamera wala marehemu baba. Akimaliza kusoma, omba radhi, kisha muulize anataka aitwe nani. Huenda atataka jina lake na la baba yake. Huenda atataka Shamsia tu, bila sura. Huenda atasema zitoke zote mtandaoni, na hapo utazitoa mbele yake, kama anavyofanya yeye kwa wenzake, na hutabishana. Atakalosema liandike, ndilo litakalokuwa.

Kesho nenda naye kwa Bi Mardhiya. Useme wewe, yeye asikutetee. Mwambie, "Sikuwa dirishani. Nilikuwa barazani nakula pilau na wanaume wenzangu. Picha ni za Shamsia, nilijiandika mimi." Muombe awaite na wale wa familia nyingine mbili, maana uongo ulitoka hapo studio ukaingia kila nyumba, na ukweli lazima upite njia hiyohiyo. Watakucheka. Wacha wakucheke, kicheko cha wanawake wa Bagamoyo hakijaua mtu, na wakishacheka watampigia Shamsia simu.

Kesho hiyohiyo waandikie watu wa Dar kuwa mpiga picha waliyemwalika ni mkeo na wewe ulikosea, na kama ataridhia kuja, atakuja yeye. Hawatazikataa picha. Swali lao lilikuwa imani ya wanawake hawa inapatikanaje, na mwenye jibu yupo. Kanzu ichukue, haijapotea. Utaivaa, utamshikia mkoba, utakaa mbele, na akimaliza kusema utapiga makofi mpaka mikono iwashe. Huko kujivuna unakokufanya peke yako mbele ya kompyuta, nenda ukakufanye mbele za watu. Mke ameshiba kupendwa kwa siri.

Halafu mjengee tovuti yake mwenyewe, akitaka. Hilo unaliweza kuliko wengi, na huko ndiko mahali halali pa ufundi wako katika kazi yake.

Na wewe acha kulia kuwa huna picha. Milango ya nakshi, kweli, ipunguze, ule wa karibu na msikiti hata mimi nimeupiga kwa simu. Yule mama wa Kiwangwa aliyekalia tenga la mananasi akifunga kilemba, huyo ni wako, endelea huko. Lakini kuna nyingine umeitaja kwa mstari mmoja kana kwamba umeiokota. Nimeitazama sana. Mwanamke kwa mgongo, mkono mmoja umeinua pazia, mwingine umeficha kamera chini ya mtandio, na barazani wanaume wote wameinamia sahani zao. Ni mtu mmoja tu aliyeinua macho akamwona anakwenda kazini, naye ni wewe. Picha ile Shamsia asingeweza kuipiga, wala mimi, wala hao wa Dar.

Iweke ya kwanza kwenye tovuti yake. Chini yake andika: Shamsia akiingia kazini. Na chini ya hapo weka jina lako, kwa sababu hiyo umeipiga wewe.