Mgongo Umenyamaza, Masikio Yanalia

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kudha, nami naomba msaada wako kabla sijalazimika kuomba msamaha wa watu, maana gazeti lenu hutufikia huku limezeeka wiki tatu na limefungiwa tende, lakini twalisoma hivyo hivyo, na mimi ukurasa wako ndio naanza nao nikicheka shida za wenzangu, basi leo wacheke na yangu.

Mimi ni fundi wa kalafati, umri wangu hamsini na mbili, kazi yangu ni kushindilia pamba katika maungio ya mbao za chombo ili maji yasipite, na kazi hii hufanywa kwa mkono lakini hupimwa kwa sikio, kwani ukigonga patasi kwa nyundo ya mti, pamba iliyokaa sawasawa hujibu kwa sauti kavu, na iliyolegea huguna kama mzee aliyeamshwa. Miaka thelathini nimelala chali chini ya vyombo vya watu, na huu mwaka wa tatu mgongo umekataa, nikiinama siinuki, nikiinuka naona nyota mchana.

Nikaenda hospitali Kismayo, daktari Mtaliani akaniminyaminya kama anayenunua papai, akasema maneno mengi sana, na mkalimani akayafupisha: "Vidonge viwili asubuhi, viwili adhuhuri, viwili jioni, na ule kwanza." Aspirini. Wallahi vilinifaa, wiki ya kwanza nilijiona kijana hata mke wangu Mwanalima akauliza namtembelea nani.

Kisha Ramadhani ikaingia. Mchana simezi kitu, nami kwa akili zangu hizi chache nikaona sita ni sita tu, basi navimeza vyote pamoja wakati wa daku, kwa kahawa chungu, mara nyingi bila hata tonge la wali, kwa sababu tumbo lawaka moto na halitaki chakula. Mgongo umenyamaza, alhamdulillahi. Lakini masikio yamepata wageni, nyenje walia humo kutwa kucha, na haja yangu kubwa siku nne hizi ni nyeusi kama lami, uniwie radhi kwa kuitaja, sijamwambia mtu.

Wala si hayo yanayoninyima raha. Mkwe wangu Shee ana mashua mpya, na mimi ndiye niliyeikalafati mwezi huu huu, nikigonga nisisikie jibu, nyenje tu, na badala ya kusema sisikii nikawa natikisa kichwa kama fundi anayejua, mwisho nikamwambia, "Tayari, mwanangu." Mwanalima alinipigia kelele kutoka jikoni, "Babake Mwanaasha, nyundo yako siku hizi yalia vibaya!" Nikamjibu, "Wewe angalia chungu chako, chombo niachie mimi." Akasema, "Mchu huyu, mtu asiyeambilika! Haya." Sasa mashua itashuliwa majini baada ya Idi, na Shee anahamia Burgao na binti yangu Mwanaasha na mtoto wao wa miezi saba, wote humo humo.

Nikiacha vidonge siwezi kuinama nikairudia kazi, nikivimeza siwezi kuisikia, na nikisema ukweli nani atanipa tena chombo chake? Nimechoka, Mshauri. Nimechoka na mgongo, na nimechoka na dawa ya mgongo. Nifanye nini?

Fundi Asiyejulikana,
Kudha

*

Fundi Asiyejulikana,

Umeficha jina, kisha ukanitajia mke, binti, mkwe, kazi na kisiwa! Kudha ina mafundi wangapi wa kalafati wanaotembea wameinama? Afadhali hivyo, maana jibu hili nimempa pia nahodha anayekuja huko kesho. Akiuliza tu, ataonyeshwa mlango wako. Shida yako haiwezi kungoja gazeti lizeeke.

Pole, bwana. Nami nina goti ambalo huniamsha kabla ya muadhini, na najua maumivu yasiyokwisha yanavyomfanya mtu mzima akubali lolote, mradi yanyamaze tu. Hiyo ndiyo pole yangu. Sasa nikukaripie.

Barua yako nimemsomea dresa mmoja, msaidizi wa daktari wa hapa Mombasa, mtu asiyeshtuka ovyo. Akaniambia, "Hebu rudia hapo pa lami." Nikarudia. Akasema hiyo yaweza kuwa damu inayovuja tumboni. Umesikia, fundi? Chombo kinachovuja kwanza ni wewe mwenyewe. Usimeze kidonge kingine, na uende Kismayo kwa safari ya kwanza utakayoipata, usingoje Idi. Mweleze daktari yote: sita kwa mpigo, kahawa, nyenje, na rangi. Mkalimani akianza kufupisha, mwambie asifupishe. Nyenje hao, asema dresa, huletwa na dawa hiyo ikizidi, na aghalabu huondoka ikipunguzwa. Huenda daktari akakupa dawa nyingine, au hiyo hiyo kidogo kidogo. Hilo ni lake kuamua, usiliamue wewe kwenye daku.

Na kufunga, nani alikulazimisha? Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, nawe ulilijua hilo tangu chuo cha Kurani. Uliona haya tu, mzee mzima kuonekana unatafuna mchana na watoto wamefunga. Uliambiwa ule kwanza. Kula.

Mgongo nao hautapona kwa barua, sitakudanganya. Uwekee mchanga wa moto uliofungwa kitambaani, asubuhi na jioni. Usilale tena chini ya chombo: kilazwe ubavu, ufanye kazi umeketi, kidogo kidogo. Siku nyingine utaamka mgongo unauma vile vile, na siku hiyo utapumzika.

Lakini kabla hujapanda chombo kwenda Kismayo, mwite Shee. Mwambie, "Mwanangu, nilisema tayari, na sikuwa nasikia." Ni maneno machache. Unauliza nani atakupa tena chombo chake. Nami nakuuliza, nani atakupa chake ukishamzamisha mjukuu wako? Mashua hiyo isiguse maji mpaka maungio yote yagongwe upya.

Wasema huna sikio la kuipimia. Unalo. Miaka thelathini Mwanalima amepika akiisikiliza nyundo yako, na siku ilipokosea ni yeye peke yake aliyekwambia, ukamrudisha kwenye chungu. Ukitoka hospitali, tandika mkeka ubavuni mwa mashua, muombe radhi, umketishe. Shee agonge. Wewe kaa nyuma yao na mchanga wako mgongoni, na unyamaze. Mwanalima akisema, "Hapa," fungueni hapo.